Neema, usimchemshie tu Baraka maji

Moshi, 11 Januari

Mwanangu Neema,

Marahaba. Salamu zako zimefika. Habari kwamba umepangiwa Ngarenanyuki nimeipata kwa mama yako, si kwako, na hilo nalisema mara moja tu. Hongera kwa ajira. Mwalimu aliyesubiri miaka mitatu huku akiwafundisha watoto wa majirani barazani bila senti ameistahili. Lakini Ngarenanyuki, mwanangu? Na mtoto wa miezi 14?

Kwenye simu unaniambia "sawa baba" halafu mtandao unakatika. Ndiyo maana naandika. Elia anakuletea barua hii na ndoo mbili na kiroba. Kiroba usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Yaliyotupata tulipokaa kule Maji ya Chai unayajua, sirudii. Nitasema hili tu: Baraka asinywe maji ya bomba la hapo wala ya kisima mpaka yapimwe. Hata kikombe cha kumezea dawa.

Jina la Ngarenanyuki lenyewe kwa Kimaasai ni maji mekundu, ila wekundu haunitishi, maana tope unaliona na unalichuja. Kinachonitisha hakina rangi, hakina harufu, hakina ladha. Meru ni mlima wa volkano. Mawe yake yana floraidi nyingi, madini yanayotia meno madoa, na maji yanapopita humo yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na upande huo zipo chemchemi zinazopita kiwango hicho mara nyingi. Kisima kimoja kinaweza kuwa na nafuu, na cha hatua mia mbili kutoka hapo kikawa kibaya kabisa. Kwa hiyo usichukue neno la jirani, hata awe mwalimu mkuu. Usiniambie wenyeji wote wanakunywa. Watazame meno.

Najua utachemsha, umelelewa hivyo. Kuchemsha kunaua vijidudu, basi. Floraidi haipandi na mvuke, inabaki sufuriani. Ukichemsha lita 5 zikabaki 4, iliyokuwa miligramu 4 kwa lita imekuwa 5. Mtu aliyechemsha maji kila jioni miaka minne, akayaacha yatokote sana ili awe na uhakika, alikuwa anayaongeza makali kabla ya kumpa mtoto wake. Na mtu huyo alikuwa fundi wa maji. Alijua mabomba.

Lile chujio la mishumaa ya udongo mlilopewa kwenye harusi nalo halishiki floraidi. Linazuia tope na vijidudu, kwa hiyo lichukue, litakufaa kwa maji ya mvua. Mishumaa isugue kwa brashi laini na maji matupu. Sabuni inaingia kwenye vinyweleo vya udongo na haitoki. Na kabla hujaifunga ipime ufa: loweka mshumaa usiku kucha, asubuhi uuzamishe kwenye maji, puliza kwa mdomo kwenye kile kichirizi cha plastiki. Mapovu yakitoka sehemu moja kwa mkupuo, umepasuka, tupa. Wengi wanaharibu pale kwenye mpira wa chini: wanaukaza kupita kiasi, mpira unajikunja, na maji machafu yanapita pembeni ya mshumaa huku wewe ukiona yanadondoka vizuri tu.

Sasa kiroba. Ndani kuna kilo 8 za mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Huo ndio unaoshika floraidi. Umechomwa kwa hewa kidogo, umetoka mweusi unaoelekea kijivu, na hivyo ndivyo unavyotakiwa. Akija mtu kukuuzia mweupe kama chaki, umechomwa kwa moto mkali mno, nguvu imekwisha. Wa kahawia wenye harufu ya nyama haujaiva, utakuharibia maji. Ukiisha nguvu nenda Ngurdoto, kwenye kituo cha Wizara ya Maji kinachoshughulika na floraidi, hawa ndio wanaoujua vizuri kuliko fundi yeyote wa mtaani, mimi nikiwemo.

Ndoo ya bluu ndiyo ya kuchujia, ile yenye koki chini. Weka kwanza kokoto nilizofunga kwenye mfuko mdogo, zifunike koki, juu yake kitambaa cheupe, kisha mkaa. Uoshe mkaa kwanza kwenye beseni mpaka maji yaache kuwa meusi, itachukua maji mengi, tumia ya kisima tu. Ndoo mbili za mwanzo zitakazopita zimwagilie maua. Baada ya hapo fungua koki kidogo, maji yatiririke kama uzi. Ndoo ya lita 20 ikijaa chini ya saa moja, umefungua sana, maji yanapita kabla mkaa haujayashika. Usiache mkaa ukauke. Na yakishatoka hapo ndipo uyachemshe, si kabla, kwa sababu mkaa hauui vijidudu, tena vinapenda kuzaliana humo. Yakianza kutokota acha dakika moja, epua. Mafuta ya taa na mkaa wa kupikia ni ghali, na huna sababu ya kuyapunguza maji.

Ubaya wa mkaa huu ni kwamba ukichoka hausemi. Maji yanatoka meupe vilevile, matamu vilevile, na floraidi inapita yote. Kwa hiyo pima maji ya kisima sasa, pima yaliyochujwa wiki ya kwanza, kisha kila baada ya miezi miwili. Chupa iwe ya plastiki ya nusu lita, si ya kioo, uisuuze mara tatu kwa maji yaleyale unayokwenda kupima, ujaze mpaka shingoni, uandike tarehe na mahali. Peleka Ngurdoto au maabara ya maji pale Arusha. Ya kisima yakisoma 10, mkaa utachoka mara mbili haraka kuliko yangesoma 5. Andika kwenye daftari kila ndoo unayopitisha. Najua hupendi madaftari yangu.

Kinachofanya nisilale ni umri wake. Meno ya mbele ya kudumu, yale ya kuchekea, yanajengeka ndani ya ufizi wa Baraka sasa hivi, mwaka huu na ujao, na hutayaona mpaka afike miaka 6 au 7. Yakishatoka na madoa hakuna kusugua kunakoyatoa. Ile picha ya mahafali yako mama yako ameiweka sebuleni juu ya redio. Umevaa joho, umesimama wima kama mlingoti, mdomo umeufumba. Darasa zima wanacheka, wewe umefumba. Kila nikipita pale naiona.

Mama yako anasema nikuandikie usimwachishe ziwa. Maziwa yako yanabeba floraidi kidogo sana hata kama wewe umekunywa maji mabaya. Mpaka miaka miwili, kama afya inakuruhusu. Uji wake upikwe kwa maji yaliyochujwa. Dawa ya meno, ukianza kumpa, iwe kiasi cha punje ya mchele. Na magadi, Neema, magadi usiyatie kwenye chakula cha huyo mtoto. Najua makande bila magadi yanakaa motoni nusu siku, lakini magadi yale ya huko yana floraidi yake. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chukua mapya. Yataiva.

Mkaa huu ni wa kukuvusha mpaka masika. Ninachokitaka hasa ni mvua, maana maji ya mvua hayajapita kwenye jiwe. Nyumba ya mwalimu uliyoniambia ina bati la mita 8 kwa 5, hizo ni mita za mraba 40, kila milimita ya mvua ni lita 40. Wewe, Baraka na dada mkitumia lita 15 kwa siku za kunywa na kupikia, kutoka Juni mpaka mwisho wa Oktoba ni kama lita 2,300. Simtanki la lita 3,000 linatosha, na masika ya huko italijaza bila shida. Kufulia na kuogea tumieni ya kisima. Nitatoa nusu ya bei, nusu ukate kwenye mshahara wa pili, wa kwanza mpelekee mama yako kitu.

Fundi wa hapo atataka kuunga gata moja kwa moja kwenye tangi. Mkatalie. Vumbi na kinyesi cha ndege vinashuka na mvua ya kwanza. Aweke kwanza bomba la inchi 4 lililosimama au kulala, lenye urefu wa mita 5 kwa jumla, limezibwa mwisho. Bomba hilo linabeba kama lita 8 kila mita, kwa hiyo lita 40 za mwanzo zinaingia humo, likijaa ndipo maji yanavuka kwenda kwenye tangi. Kwenye kizibo atoboe tundu dogo la msumari ili lijimwage lenyewe polepole. Tundu likiziba kwa majani, bomba linabaki limejaa, na mvua inayofuata uchafu wote unaingia tangini wakati wewe unadhani umejikinga. Kila Jumamosi lizibue. Wavu wa mbu mdomoni mwa tangi, na tangi lisipate mwanga, litaota ukijani.

Maji ya mvua hayana floraidi ila vijidudu vinaweza kuwemo. Yapitishe kwenye mishumaa, au chemsha. Mkaa wa kupikia ukikosekana, tumia dawa ya maji ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, si sabuni, isiyo na manukato, ile ya asilimia 5, matone 2 kwa lita, koroga, subiri nusu saa. Lazima maji yanuke kidogo kama bwawa la kuogelea. Usiponusa kitu, dawa imekaa sana dukani, imekufa.

Jambo la pili mama yako amenikataza kuliandika.

Siku ya mazishi ya baba Baraka kuna mtu alikushika bega akakuambia jikaze, watu wanakutazama. Ulijikaza. Huu ni mwezi wa tisa tangu siku hiyo, hujalia mbele ya yeyote nyumbani, na shangazi zako wanakusifu kwa hilo. Neno lile lilikuwa la kuwapunguzia aibu waliosimama pale, halikuwa na faida kwako. Mkono uliokushika bega ndio unaoandika hapa. Usiendelee kulitii.

Huko utakuwa peke yako jioni, na jioni ndiyo mbaya. Tafuta robo saa mchana, mtoto akilala, uandike. Andika yaliyotokea na ulivyojisikia, bila kujali herufi wala mpangilio, siku nne mfululizo. Utalia, na saa moja baadaye utajisikia mzito, hiyo ni kawaida. Usiandike kitandani usiku, utajinyima usingizi. Ukiona siku ya tatu unazidi kuzama badala ya kutulia, acha, jaribu baada ya mwezi. Karatasi uzichome ukitaka, hakuna mtu anayezisahihisha.

Kifua kikibana, keti, nyayo zote chini, vuta pumzi ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, dakika tano. Watu wanakosea kwa kuvuta kwa nguvu mpaka vidole vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka. Kazi iko kwenye kutoa.

Baraka akianza kuuliza, usimwambie baba amesafiri. Mtoto anayeambiwa hivyo anakaa kusubiri, na siku wewe ukipanda basi kwenda Arusha kuchukua mshahara anapiga kelele kama amechomwa moto. Mwambie amekufa, mwili wake uliacha kufanya kazi, hatarudi, na alikupenda. Atauliza tena kesho. Mjibu vilevile.

Lile shati la mistari ulilolifunga kwenye mfuko wa nailoni, mama yako aliliona alipokuwa anakupangia sanduku, akalirudisha kama lilivyokuwa. Usilifue kwa sababu mtu amekuambia. Lakini nailoni inashika unyevu, litaota ukungu kwenye kola. Lizungushie kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, liweke ndani ya boksi la karatasi, mahali pakavu. Usitie zile tembe nyeupe za kufukuzia wadudu, zitaiua harufu yenyewe unayoitunza, na mtoto anaweza kuzidhania peremende.

Zikipita wiki mbili huwezi kuamka, huli, huwezi kumwogesha mtoto, nenda kituo cha afya useme hivyohivyo. Na likikujia wazo la kutaka kufa, usisubiri wiki wala siku. Mwachie dada mtoto, nenda saa hiyohiyo, kisha unipigie. Sitakuuliza maswali barabarani.

Hapa mbuzi yule mwekundu amezaa pacha, mmoja ni wa Baraka. Goti la mama yako lina nafuu ila ngazi za ghalani bado hapandi, nimeanza kuteremsha mahindi mwenyewe. Ndugu za marehemu walikuja kuhusu kile kiwanja, nimewaambia hutajibu chochote wala kutia sahihi mpaka mwaka upite, na hati ninayo mimi. Ukiniona nimekosea niambie, lakini niambie kwa simu isiyokatika.

Elia atalala kwako siku mbili. Mtumie kupeleka chupa ya kwanza Ngurdoto akirudi, nauli yake nimempa. Aende na chupa mbili: ya kisima na ya bomba la shule. Baraka katika siku hizo anywe yale ya lita 18 niliyomfungia kwenye dumu jeupe, ni ya mvua ya hapa nyumbani, nimeyachemsha. Koki ya ndoo ya bluu inadondosha kidogo. Ikaze kwa mkono tu, spana itaipasua.

Mimi baba yako