Risala ya Kikundi cha Watetezi wa Watoto kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi mlioambatana naye,
Walimu, wauguzi, wazazi na walezi,
Watoto wetu wapendwa,

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu, nakukaribisha na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Bila shaka umeona kwamba hatukuwapanga watoto mstari juani ili wakupokee. Wamekaa kivulini, na wale wadogo tumewaacha wacheze kule nyuma. Kelele zao zitaikatiza risala hii mara kwa mara, na tunaomba uzivumilie: kucheza ni haki yao, imeandikwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni watu wa kujitolea. Wamo miongoni mwetu walimu, wauguzi, wastaafu na wazazi wa kawaida. Hatujengi madarasa wala hatugawi dawa. Kazi yetu ni kufuatilia: mtoto aliyekosa shule tunauliza yuko wapi, aliyepitwa na chanjo tunamkumbusha mlezi wake, na anayeumizwa tunapeleka habari zake panapostahili, tena hatuondoki mpaka tupate jibu. Ndiyo maana wakati mwingine tunaitwa wasumbufu. Jina hilo tumelizoea.

Jambo kubwa tunalotaka ulisikie leo ni hili: afya ya mtoto inashughulikiwa na ofisi moja, elimu yake na nyingine, ustawi wake na ya tatu, na kila ofisi ina faili lake. Mtoto mwenyewe ni mmoja. Anapoumwa haachi kuwa mwanafunzi, na anapoingia darasani haachi nyumbani njaa yake wala hofu yake. Faili hizo zisipokutana, mtoto anadondokea katikati, na kila ofisi inaweza kusema kwa haki kabisa kwamba upande wake ulitimizwa.

Tukupe mifano ya darasani, maana huko ndiko jambo hili linakoonekana wazi zaidi. Yupo mtoto anayenakili ubao vibaya kila siku. Anaitwa mzembe. Anahamishiwa nyuma ili asiwacheleweshe wenzake, na huko nyuma ubao unazidi kumpotea. Siku akipimwa macho inagundulika kwamba haoni mbali, na alichohitaji muda wote ni miwani. Yupo mwingine anayeitwa mkaidi kwa sababu akitumwa haendi. Masikio yake yamekuwa yakitoa usaha tangu akiwa mdogo, na ugonjwa huo usipotibiwa hupunguza usikivu. Hakukataa kutumwa, hakusikia. Yupo anayesinzia saa nne asubuhi kwa sababu damu yake ina upungufu wa madini ya chuma, au ana minyoo, au hajatia kitu tumboni tangu jana. Wote hawa, Mheshimiwa, shuleni wanaandikiwa tabia mbaya, na baadhi yao wanachapwa kwa ugonjwa. Tumelisema hivyo bila kulipamba kwa sababu ndivyo lilivyo.

Yapo pia madhara yanayoanza kabla mtoto hajajua hata shule ni nini. Siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka 2, ndizo siku ambazo ubongo hukua kwa kasi kubwa. Lishe duni katika kipindi hicho huleta udumavu, na udumavu hauishii kwenye kimo. Unagusa pia uwezo wa kujifunza. Ukosefu wa madini ya joto wakati wa ujauzito unaweza kuathiri akili ya mtoto maisha yake yote, ilhali kinga yake ni chumvi iliyotiwa madini hayo. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la kwanza anapokea matokeo ya kazi iliyofanyika, au ambayo haikufanyika, kliniki miaka mingi nyuma.

Kuhusu chanjo hatutasema mengi, maana wauguzi waliopo hapa wanalijua jambo hili kuliko sisi. Tutaje surua tu. Wapo wazazi wanaoiona kama homa ya kawaida ya utotoni, ya kuugua mara moja na kusahau. Kumbe surua hufuta sehemu ya kinga ambayo mwili ulikwisha jijengea dhidi ya magonjwa mengine, hivyo mtoto aliyepona surua anaweza kubaki dhaifu mbele ya maradhi mengine kwa muda mrefu. Tena inaambukiza mno: ili isienee, watoto wapatao 95 kati ya kila 100 wanahitaji kuwa wamepata dozi zote 2. Mzazi mmoja anayepuuza dozi ya pili anamweka hatarini pia mtoto mchanga wa jirani, ambaye umri wake wa kuchanjwa haujafika.

Hatukuja kulia tu mbele yako. Mwaka 1990, watoto 93 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai duniani walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Kufikia mwaka 2022 walikuwa 37. Mabadiliko hayo yameletwa na vitu vya kawaida: chanjo, maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, vyandarua, maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, mkunga mwenye ujuzi. Na kipo kimoja ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa ni cha afya, nacho ni shule ya mtoto wa kike. Watafiti walipochunguza kupungua kwa vifo vya watoto duniani kati ya mwaka 1970 na 2009, walikadiria kwamba takriban nusu ya upungufu huo ilitokana na kuongezeka kwa elimu ya wanawake. Kwa hiyo binti anapokatishwa masomo ili aolewe, au anapobaki nyumbani siku za hedhi kwa kukosa taulo na choo chenye mlango, hasara hiyo itakuja kuonekana pia kwenye wodi ya watoto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukija kwenye ustawi tunagusa panapouma. Mtoto anayefanyiwa ukatili mara nyingi anaumizwa na mtu anayemfahamu, na mtu huyo mara nyingi ndiye anayewalisha wote nyumbani. Ndiyo sababu familia hunyamaza na majirani husema hayawahusu. Sisi tunaulizwa mara kwa mara: mtoto si wako, unatafuta nini? Jibu letu lina historia. Mwaka 1919 huko London, mwanamke Mwingereza aitwaye Eglantyne Jebb alikamatwa na kutozwa faini kwa kusambaza vipeperushi vilivyoonyesha watoto wanaokufa njaa upande wa mataifa yaliyokuwa maadui wa nchi yake katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hawakuwa watoto wake, wala hawakuwa wa taifa lake. Aliandika rasimu ya tamko la haki za mtoto, na mwaka 1924 Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, likalipitisha mjini Geneva. Mkataba wa Haki za Mtoto wa tarehe 20 Novemba 1989 umetoka katika ukoo huo, na leo nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeuridhia isipokuwa Marekani. Kwa hiyo anayetuuliza mtoto ni wa nani, tunamwelekeza kwenye kifungu cha 19 kinachotaka mtoto alindwe dhidi ya kila aina ya ukatili. Hakikusema alindwe na mzazi wake tu.

Changamoto zetu si ngeni masikioni mwako. Tunapoleta taarifa ya mtoto anayeumizwa, hatujui kwa hakika nani anatakiwa kuipokea, na siri ya mtoto huvuja kabla hata hajasaidiwa. Watoto wenye ulemavu bado wanafichwa, na wasiofichwa wanakuta shule haina njia ya kupita kiti cha magurudumu. Watoto wasio na cheti cha kuzaliwa wanakwama kila penye fomu. Nauli na simu za ufuatiliaji tunalipa wenyewe. Hilo tunalitaja kwa ukweli tu, si ombi letu la kwanza.

Ombi letu la kwanza ni kwamba kila mtoto anayeanza shule apimwe macho na masikio, na majibu yamfikie mwalimu wake. La pili, daftari la mahudhurio lisiishie kabatini: mtoto akikosa siku kadhaa mfululizo, mtu wa afya na mtu wa ustawi wajulishwe, na faili zile tatu tulizozitaja zikae meza moja angalau mara moja kwa mwezi. La tatu, atajwe mtu mmoja, kwa jina na kwa cheo, wa kupokea taarifa za ukatili, na awe na wajibu wa kutunza siri. Tungependa pia wanaoleta misaada waache kuwapiga watoto picha wakiwa wameshika walichopewa. Hilo halihitaji bajeti.

La mwisho linahusu ratiba ya leo. Kifungu cha 12 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Watoto wameandaa maswali yao kwako. Hatukuwaandikia wala hatukuyapunguza makali, na mengine yanatuhusu sisi wazazi na walimu. Tunaomba, kwa heshima, uwasikilize kabla ya kutoa hotuba yako.

Naomba kuwasilisha.