Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa michezo: tuachieni mechi iishe

Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Michezo,
Kituo cha Televisheni.

YAH: KUKATWA KWA MECHI KABLA HAIJAISHA

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu nyingi. Hii ni barua yangu ya tatu kwako. Mbili za kwanza nilizileta ofisini kwa utaratibu na sikujibiwa. Hii naiandika hadharani kwa sababu ya usiku wa Jumamosi.

Jumamosi nusu fainali ya wanawake ilifika kwenye penalti. Kila timu ilikuwa imepiga tatu, imefunga mbili. Mpigaji wa nne ameshaweka mpira kwenye nukta, golikipa anacheza mstarini, mara skrini ikageuka: muziki wa taarifa ya habari. Hakuna aliyeomba radhi, wala hapakuwa na maandishi ya kutuelekeza mechi imehamia wapi. Habari ya kwanza ilikuwa hotuba ya asubuhi, ambayo mchana mlishaionyesha.

Mimi nafanya kazi ya zamu. Ili niione mechi ile nilibadilishana na mwenzangu, na sasa nadaiwa zamu mbili za usiku. Baba yangu alivunjika nyonga mwaka jana, na tangu hapo dunia yake ni kitanda na televisheni hiyo. Alikuwa anahesabu penalti kwa vidole. Akavua miwani, akaniuliza, "Sasa nani kapita?" Nikahangaika na simu mpaka nikayapata matokeo, nikamsomea. Akasema ahsante, akageukia ukutani. Mkurugenzi, kusomewa matokeo si kuangalia mechi.

Mwanzoni mwa msimu ulikaa studio wewe mwenyewe ukatuahidi kila mechi mubashara, kuanzia kipenga cha kwanza hadi cha mwisho. Ni ahadi hiyo iliyonifanya nilipie kifurushi. Tangu siku ile nimehesabu mechi nne mlizozikata, na tatu ni za wanawake. Hili la wanawake linaniuma zaidi, maana wale wachezaji nao wamekimbia dakika 120.

Nahisi mitambo yenu imetegeshwa kufuata saa, na usiku hakuna aliye zamu mwenye mamlaka ya kuizuia. Au wadhamini wa taarifa ya habari wamelipia saa kamili, hawataki kusikia habari ya kusubiri. Vyovyote iwavyo, hesabu iko wazi: dakika 90, mapumziko 15, muda wa ziada 30, kisha penalti. Hapo sijaweka dakika za nyongeza. Kwenye Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, England ilipocheza na Iran, nyongeza ya vipindi viwili ilizidi dakika 20. Ninyi mechi ya mtoano mnaitengea saa mbili!

Kosa hili lilishafanywa na wengine wakajifunza. Tarehe 17 Novemba 1968, kituo cha NBC cha Marekani kilikuwa kinaonyesha mpira wa Kimarekani. Jets ya New York inaongoza 32 kwa 29, imebaki kama dakika moja. Saa ya filamu ya watoto ikafika, wakakata. Katika dakika hiyo Raiders ya Oakland ikapata pointi 14 na kushinda 43 kwa 32. Watu walipiga simu hadi mitambo ya simu ikazidiwa, na rais wa NBC akaomba radhi. Baada ya hapo vituo vya kule vikawa vinaacha mchezo uishe. Miaka zaidi ya 50 imepita, Mkurugenzi.

Tena kumbuka Tokyo, Septemba 2025. Alphonce Simbu alikimbia zaidi ya kilomita 42, akamaliza pamoja na Amanal Petros wa Ujerumani kwa muda uleule, saa 2:09:48. Ilibidi picha itazamwe ndipo ijulikane kwamba Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Anayekata matangazo zikiwa zimebaki mita 50 ametuonyesha watu wakikimbia kwa saa mbili, lakini mbio zenyewe hatujaziona.

Nilitaka pia kulalamikia tangazo linaloziba ubao wa magoli, na mtangazaji wenu anayesimulia maisha ya kocha wakati mpira uko kwenye boksi. Nayaacha. Hayo naweza kuyavumilia.

Naomba moja tu. Fainali ni Jumapili. Mweke mtu zamu, mpeni ruhusa ya kuichelewesha taarifa ya habari, hata kwa nusu saa. Baba ameshaniambia nimsogezee kitanda karibu na skrini. Tafadhali, tuachieni mechi iishe.

Wako,
Mtazamaji