Ndugu yangu asema ninamnyima mama chakula

Shangazi,

Pokea salamu zangu za heshima. Ninakuandikia kabla ya adhana ya alfajiri, kwa kuwa mama amelala sasa hivi tu nami usingizi umeniruka. Usiku kucha alikuwa mlangoni, amevaa buibui, akitaka nimfungulie aende kwao, nami nikimweleza kwamba hapa ndipo kwao, katika nyumba aliyoijenga na marehemu baba, hadi sauti ikanikauka.

Ugonjwa wenyewe unaujua. Daktari alisema ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu apoteze kumbukumbu, kwamba si uzee wa kawaida wala si uchawi kama majirani wanavyonong'ona, na kwamba hauponi. Hilo nimelikubali. Nisilolikubali ni neno la ndugu yangu mkubwa. Alipiga simu Ijumaa kutoka Nairobi, mama akamlalamikia kwamba tangu asubuhi hajatia kitu tumboni, ilhali sahani aliyomalizia mbaazi na mahamri ilikuwa ingali mbele yake na mafuta hayajamkauka vidoleni. Ndugu yangu hakuniuliza lolote. Alisema tu, "Mbona unamnyima mama chakula? Pesa ninazotuma zinakwenda wapi?"

Mimi! Mimi ninayemwogesha na kumbadilisha nguo usiku, niliyefunga kibanda changu cha leso kwa sababu mama hawezi kuachwa peke yake hata kwa muda wa kwenda dukani! Pesa zenyewe hazitoshi nepi za watu wazima, na sisemi hivyo kumsengenya, maana naye ana watoto wa kusomesha. Lakini kunyima chakula?

Muuguzi wa kliniki alinipima presha, akaniuliza mara ya mwisho nilimeza dawa zangu lini, nikashindwa kumjibu. Akaniambia kwamba anayeuguza mtu wa namna hii huishia kuugua yeye asipopumzika, na kwamba nitafute wa kunipokea walau siku moja kwa juma, nilale, nitoke, nizungumze na watu. Hayo ni maneno mazuri kwa mwenye wa kumpokea. Dada yangu aliyeolewa Likoni yuko tayari kukaa naye, ila mama akiwa kwake hukataa kuoga, kisha mimi ndimi ninayeonekana nimekimbia.

Rafiki yangu amenialika Malindi, nami nilifika hadi kukunja nguo mbili tatu, nikazirudisha kabatini. Je, mtoto anayemwacha mzazi mgonjwa kwa dada yake siku chache ili apate kulala, huyo amemtupa mzazi? Nauliza tu, kwa sababu nikienda, ndugu yangu atakuwa amepata ushahidi aliokuwa akiutafuta, naye ameshanihukumu kwa sahani ambayo hakuiona.

Wala usinishauri nimpeleke mama Nairobi. Ziko siku ninazoomba ndugu yangu aje amchukue hata kabla ya magharibi. Lakini atampa chai ya moto bila kuipoza, na mama hajui tena kupuliza. Nieleze namna ya kumjibu huyu mtu atakapopiga simu Ijumaa, maana mama atamwambia tena kwamba hajala.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa