Hofu Ni Kwako Tu, Amisi

Leicester, 14 Oktoba

Ndugu yangu mpendwa Amisi,

Salamu nyingi zikufikie hapo kambini Nyarugusu, wewe, mama watoto na wote wanaoniulizia. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Maneno hayo ya kale nimeyaandika kwa makusudi, kwa kuwa barua hii imezaliwa na neno hofu. Najua miezi saba ya ukimya haifutwi kwa salamu. Nyuzi za gitaa ulizoniagiza nimempa dada Eliza, na pamoja nazo nimefunga diski moja ambayo ndiyo hasa iliyonichelewesha.

Ni diski ya bendi ya Uingereza iitwayo Marillion, iliyotoka tarehe 23 Septemba 2016. Jina lake ni herufi nne, F E A R, ambazo zikisomwa pamoja kwa Kiingereza ni hofu, lakini kila moja ikisimama peke yake huwa mwanzo wa neno katika msemo wenye tusi ambalo sitaliandika, maana barua zako husomwa na mama kwanza. Likisafishwa, linasema: wapuuze wote, kisha ukimbie. Ni roki ya progresivu, ule muziki ambao Mwalimu Gervas aliuita wa watu wasio na shamba la kupalilia, kwa sababu wimbo mmoja humaliza robo saa na umegawanywa sehemu sehemu kama utenzi.

Wimbo ulionishika ni wa kwanza, “El Dorado”, wenye sehemu tano. Unaanza polepole katika bustani ya Kiingereza, jua limeinama, ngurumo zinakuja kwa mbali, na Steve Hogarth anaimba kama mtu anayeogopa kuiharibu jioni yake mwenyewe. Kisha utulivu unapasuka, na tunawaona watu wanaongoja mipakani alfajiri, na boti zilizopinduka. Hapo nilizima redio. Nilikumbuka ulivyonisimulia usiku ule wa 1996 mlipovuka Ziwa Tanganyika, na nikajiuliza nina haki gani ya kukutumia wimbo kama huu ili eti tuujadili magitaa yake. Basi miezi saba ikapita, diski ikiwa juu ya kabati na nyuzi zako chini yake.

Jambo linalonirudia kila nikisikiliza ni hili: sisi kwa Kiswahili tumekuita mkimbizi, mtu wa kukimbia, na jina hilo limekuganda tangu utotoni ingawa umekaa mahali pamoja karibu miaka 30. Katika albamu hii anayekimbia ni mwingine kabisa. Wimbo uitwao “The New Kings” unawaimba wenye mabenki na mali, walio wakubwa mno hata hawaruhusiwi kuanguka, na lile tusi la jina la albamu ni lao: wamekwishachukua chao, wanakimbia, na deni wanawaachia wengine. Kama neno mkimbizi lingegawiwa kwa haki, wewe ungelirudisha dukani likiwa halijavaliwa.

Miezi mitatu kamili kabla ya albamu kutoka, tarehe 23 Juni, Waingereza walipiga kura kama wabaki au waondoke katika Umoja wa Ulaya, na asilimia 51.9 wakachagua kuondoka. Wiki iliyotangulia kura kulizinduliwa bango kubwa lenye picha ya msururu wa wakimbizi, kana kwamba wako mlangoni, ilhali picha ilipigwa 2015 kwenye mpaka wa Croatia na Slovenia. Mfanyakazi mwenzangu mmoja mpaka leo anaamini kwamba wimbo “The Leavers” unawahusu waliopiga kura ya kuondoka. Nimemweleza mara ngapi kwamba unahusu wanamuziki wanaohama mji hadi mji na wale wanaobaki nyumbani! Lakini sikatai kwamba wimbo ukishatoka, wasikilizaji huupeleka wanakotaka.

Nina lalamiko moja, nalo sijui kama ni la haki. Katika dakika zote zile mkimbizi hasemi. Anaonekana kwa mbali, kwenye ukungu, naye mwenye bustani ndiye anayeona aibu. Aibu hiyo naiheshimu, kwa sababu angeweza kujitia sauti isiyo yake, na ingekuwa vibaya zaidi. Hata hivyo nikikumbuka kwaya yenu, siku baba aliponichukua kuuza mihogo sokoni hapo kambini, nakumbuka mliimba kwa kelele, mkicheka, na wimbo wenyewe ulikuwa wa kumteta mgawa unga.

Je, kwaya ile bado ipo? Deki ya Bahati bado inasoma diski, au panya wamekwishaila? Ukifika kwenye zile boti, utaendelea kusikiliza, au utazima kama nilivyozima mimi? Unadhani nilikosea kuituma, au nilikosea kuikalia miezi saba? Na lile gitaa la Rothery, mpiga gitaa wa Marillion, baada ya ngurumo, unaweza kulitafuta kwa nyuzi hizi mpya, kisha uniambie limekufikisha wapi?

Ni mimi nduguyo,
Yohana