Malalamiko kuhusu vichujio vya udongo vilivyouzwa kwa madai ya kuondoa floraidi

Kikundi cha Akina Mama cha Kuweka na Kukopa,
Wilaya ya Arumeru,
Arusha.

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vichujio vya Maji,
Arusha.

YAH: MADAI YA WAKALA WENU KWAMBA CHUNGU KINAONDOA FLORAIDI

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kikundi chetu kilinunua kwenu vichujio vya chungu kwa ajili ya wanachama, kwa malipo ya awamu. Risiti nimeziambatanisha. Niseme mapema kwamba chujio lenyewe, kwa kazi yake halisi, hatuna ugomvi nalo. Nyumba zinazochuja maji ya mvua na ya mfereji zimepata nafuu ya kuhara kwa watoto, na nesi wa zahanati analisema bila kuulizwa. Ugomvi wetu ni namna mlivyoliuza.

Wakala wenu alisimama kwenye kikao chetu akatamka kwamba chungu kinaondoa kila kitu, "hata floraidi". Kipeperushi alichogawa kinasema hivyohivyo, tena kwa herufi kubwa. Sijui kama mlifikiria maneno hayo yanasemwa wapi. Huku ni chini ya Mlima Meru. Maji ya ardhini yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi, na mtu wa huku hujulikana hata akiwa Dar es Salaam kwa meno yake ya kahawia. Tuna wazee waliopinda miguu na wasioweza kuinama. Mama wa huku akisikia kipo chombo cha bei nafuu kinachoondoa floraidi, hatauliza mara mbili.

Zamani tulikuwa na utaratibu wetu. Maji ya kisima kirefu, ambacho kipo karibu, yalikuwa ya kufulia na ya mifugo. Ya kunywa watoto yalitoka bomba la mlimani, foleni iwe ndefu namna gani, au kwenye simtanki la mvua kwa mwenye nalo. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanahitaji chujio, maana floraidi yake ni ndogo lakini vijidudu havikosi. Baada ya maneno ya wakala wenu, wengi waliona foleni ya nini tena. Wakachota kisimani, wakachuja, wakawanywesha watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya fizi. Maji yalitoka maangavu na ya baridi, na sisi tukawashukuru.

Baadaye tulipeleka sampuli maabara, ya kisimani na ya kisimani iliyochujwa. Majibu yamelingana, na yote yamevuka kwa mbali miligramu 1.5 kwa lita, ambao ndio ukomo wa Shirika la Afya Duniani. Nakala ninayo na nyingine nimewawekea humu.

Ninyi watengenezaji hamkuhitaji maabara kulijua hilo. Udongo mnauchanganya na unga wa mbao au pumba za mpunga. Chungu kikichomwa, pumba zinaungua na kuacha vitundu vidogo sana vinavyokamata bakteria na amiba, na madini ya fedha yanasaidia kuua vijidudu. Lakini floraidi imeyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi, inapita humohumo na maji. Fernando Mazariegos, aliyebuni chungu hiki Guatemala mwaka 1981, alikuwa anapambana na magonjwa ya kuhara. Kinachopunguza floraidi kwetu ni mkaa wa mifupa, na kituo cha utafiti wake kipo Ngurdoto, hapohapo jirani. Mngeuliza.

Lipo na jingine. Chungu kizima hutoa kama lita moja hadi tatu kwa saa. Baadhi ya vyetu vinamaliza ndoo nzima mtu akiwa bado anapepeta mchele, na cha kusikitisha ni kwamba hivyo ndivyo vinavyosifiwa na wenyewe, wanaviita "vyepesi". Kinachopitisha haraka hivyo kina ufa au vitundu vikubwa, na kilitakiwa kupimwa na kuvunjwa kiwandani kabla hakijatoka. Hivyo mtubadilishie bila malipo.

Kuhusu floraidi, hatutaki kuombwa radhi kwa simu. Tunataka kipeperushi kiondolewe, na wakala huyohuyo arudi kwenye kikao chetu, mwenyekiti wa kijiji akiwepo, aseme kwa mdomo wake kwamba chujio hili ni la vijidudu na maji ya kisima kirefu wasipewe watoto. Aende na vijiji vingine alikouza. Sisi si wa kwanza kwenye daftari lake. Mwanachama atakayetaka kurudisha chujio kwa sababu alilinunua kwa ajili ya floraidi tu, arudishiwe fedha zake zote, na awamu zilizobaki zifutwe. Watakaobaki nayo wauziwe chungu peke yake kikivunjika, si kulazimishwa kununua tena ndoo na koki.

Tunawapa hadi mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo kipeperushi, risiti na majibu ya maabara vitapelekwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa Kikundi

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji
Afisa Afya wa Kata