Kabla hujamleta kijana huku Elegu

Ndugu yangu,

Salamu nyingi toka huku mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini. Meseji yako niliipata juzi usiku nikiwa kwenye foleni ya malori, nikaona hii siwezi kuijibu na sentensi mbili za WhatsApp, acha nitulie nikuandikie vizuri. Kwanza hongera kwa kazi, kampuni kukutoa Katuna, mpaka wa Rwanda, ikupe ofisi ya Elegu uisimamie si kitu kidogo, na mimi nimefurahi sana maana nitapata tena mtu wa kula naye jioni. Lakini pale uliposema unakuja Januari na kijana wako wa kwanza, ili umwangalie mwenyewe tangu atoke hospitali ya akili ya Butabika, hapo nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Kaka, naomba usimlete Januari. Njoo wewe, yeye abaki na mama yake Kabale mpaka mvua ishike, mwisho wa Aprili hivi.

Elegu unayoijua wewe ni ya mvua. Ulikuja ule mwaka Katuna imefungwa, 2019, ukakaa na sisi wakati mto Unyama umejaa na watu wanainua magunia yasilowe, ukarudi kwenu kabla kiangazi hakijaanza. Februari ya huku hujaiona. Kwenu Kabale mchana ukichangamka sana ni digrii 24, usiku mnajifunika blanketi mbili. Hapa tuko chini kwenye bonde la Nile, Februari mchana inafika 37, 38, ndani ya nyumba ya mabati ni zaidi, na usiku haupoi, ukuta unakurudishia joto lote ulilomeza mchana, unageuka kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Hapo ng'ambo Juba, Februari 2025 serikali ilifunga shule wiki mbili sababu wanafunzi walikuwa wanazimia na joto, na Machi 2024 walikuwa wamefunga vilevile. Hao ni watoto wazima wa afya, wamezaliwa kwenye hilo jua.

Sasa nikwambie yaliyompata mdogo wangu, maana kwenye simu nilikuambia tu "alilazwa tena" nikanyamaza, nilikuwa nimechoka kuongea.

Unamjua, yule anayeosha malori pale parking. Dawa za ugonjwa wa akili anakunywa miaka sita sasa, klopromazini ya usiku na benzeksoli, na alikuwa vizuri kabisa, analipwa, anachangia posho nyumbani. Februari ya mwaka jana ikaanza na usingizi. Siku ya kwanza hajalala, ya pili hajalala, na kweli hakuna aliyekuwa analala vizuri wiki ile kwa hiyo hatukushtuka. Alafu akaanza kutoka saa tisa usiku, anakaa katikati ya barabara anabishana na watu hatuwaoni. Mama akasema ni mapepo yamerudi, mimi nikasema malaria, nikampeleka kliniki moja ya karibu wakamtundikia dripu ya malaria bila hata kumtoboa kidole. Siku ya tatu jua la saa nane likamkuta kazini, sababu tulimwacha aende kazini, hiyo inaniuma mpaka leo, akaanguka pembeni ya lori. Nilipomshika mwili ulikuwa unachoma na ngozi kavu, hana jasho hata tone, anaita jina la baba ambaye alishakufa.

Tukammwagia maji, tukamweka nyuma ya probox mpaka hospitali kubwa. Huko walipima malaria wakakuta hakuna. Yule nesi mama wa wodi ya akili, mtu mzima, wala hakuanza na mapepo wala bangi. Aliuliza, "Kwa siku anakunywa maji kiasi gani? Na analala nyumba ya aina gani?" Miaka sita natembea na kitabu chake cha hospitali na hakuna mtu aliwahi kuniuliza hivo.

Akanieleza polepole kama anamfundisha mtoto. Kwenye ubongo kuna sehemu ndogo inayopima joto la mwili, mwili ukizidi moto hiyo ndio inaamuru utoe jasho na damu ije kwenye ngozi ipoe. Dawa kama klopromazini na haloperidoli zinaivuruga ile sehemu, haifanyi kazi sawasawa. Benzeksoli nayo inakausha jasho, si unakumbuka jinsi mdogo wangu analalamika kila siku mdomo umekauka, basi inavyokausha mdomo ndivyo inavyokausha na ngozi. Kwa hiyo nyie wawili mkikaa jua moja, wewe unalowa jasho unapoa, yeye anaiva ndani kwa ndani na hata kiu haisikii vizuri. Joto la mwili likifika 40 hata mtu asiyeumwa anaanza kuchanganyikiwa na kuongea ovyo, na kama mtu huyo ana historia ya wodi ya akili basi kila mtu atasema ugonjwa umerudi, hakuna atakayefikiria jua, na dakika zinapita.

Na kuna la usingizi. Mgonjwa wa bipola kama wako, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akikosa usingizi siku mbili tatu huo ni mlango umefunguliwa, ugonjwa unapanda. Usiku wa joto unaiba usingizi wa kila mtu lakini yeye ndio analipa bei kubwa.

Hapa ndio nataka unisome kwa makini. Ile picha ya kitabu chake uliyonitumia nimeona wamemwandikia haloperidoli na lithiamu. Nilimtumia yule nesi meseji nikamuuliza kuhusu lithiamu. Akasema hiyo inatoka mwilini kupitia figo, sasa mtu akitoka jasho jingi, maji na chumvi vinapungua, figo zinaishikilia dawa badala ya kuitoa, inajaa kwenye damu mpaka inageuka sumu. Mikono inatetemeka kuliko kawaida, anatapika, anaharisha, anayumba kama mlevi, ulimi mzito. Ukiona hivo hungoji kesho, unampeleka hospitali siku hiyohiyo. Na asikatiwe chumvi kwenye chakula ghafla, wala asipewe diklofenaki au brufeni za duka la dawa kwa kila maumivu, hizo nazo zinaipandisha. Kabla ya safari wampime damu huko waone kiwango kiko wapi.

Ila usinielewe vibaya ukaenda kumkatia dawa. Mimi niliposikia yale yote nilisema basi tuache hizi dawa mpaka mvua inyeshe, na yule mama akanitazama kwa huruma akaniambia, mwanangu, joto litapita, lakini ukikata dawa ghafla ugonjwa utakaorudi hautapita na mvua. Daktari ndiye anapunguza au anabadilisha, baada ya kumuona, sio mimi na wewe.

Siku kumi na tisa nimelala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Wodi imejaa mpaka godoro za chini, na sisi watu wa wagonjwa tunaongea usiku, unajua tena, kila mmoja anasimulia ya kwake na mengi yalikuwa yanafanana, kukosa usingizi kwanza, alafu hasira, alafu kutoka usiku. Sisemi ni joto peke yake. Februari ndio shule zinafungua na karo inatakiwa, chakula cha ghalani kinapungua, watu wanakunywa sana. Ila joto linakuja juu ya hayo yote na linakuwa kama mzigo wa mwisho kwenye lori lililoshajaa.

Nikaanza kusoma kwenye simu usiku ule, nikakuta wenzetu wameshahesabu. Marekani walichunguza bima za watu wazima zaidi ya milioni mbili, kuanzia 2010 mpaka 2019, wakaona siku za joto kali kabisa wanaokimbizwa emajensi kwa shida za akili wanaongezeka kama asilimia 8 kuliko siku za baridi zaidi za majira hayohayo ya joto, na sio ugonjwa mmoja, ni wa wasiwasi, wa huzuni, wa skizofrenia (ule wa kusikia sauti na kuona visivyopo), wa pombe na dawa za kulevya, mpaka waliojidhuru wenyewe. Mji wa Adelaide kule Australia wao waliona wanaolazwa wanaanza kupanda joto likizidi 26.7 tu. Kaka, 26.7 hiyo ni Kampala asubuhi saa tano! Nikajiuliza sana hapo, mbona Kampala nzima haijalazwa, alafu nikaelewa kwamba mwili unazoea kwake, kinachokuvunja ni kile kinachozidi ulichozoea.

Na hapo ndipo nikakufikiria wewe na kijana. Kanada, mkoa wa British Columbia, watu wa baridi kama nyie, Juni 2021 joto liliwashukia ghafla, mji mmoja unaitwa Lytton ukafika 49.6, wakafa watu 619 kwa wiki moja, karibu wote ndani ya nyumba. Walipochunguza nani hasa alikufa, wenye skizofrenia hatari yao ilikuwa kama mara tatu ya wengine. Hiyo ndiyo namba iliyonifanya niandike barua ndefu hivi. Kijana wako amekulia kwenye ukungu wa Kabale, unataka kumshusha kwa basi siku moja kutoka 24 mpaka 38, na hizo dawa mwilini. Mwili unahitaji wiki moja mbili kuzoea, hata kwa mtu mzima wa afya.

Kwa hiyo mimi nimeshaanza kupanga, kama utakubali. Wewe fikia kwangu Januari. Nyumba za kupanga hapa ni mabati tupu bila dari, usichukue hiyo kwa ajili yake. Mdogo wangu sasa analala kwenye kibanda cha nyasi cha Kiacholi nyuma ya kwetu, udongo mnene na nyasi, mchana wa Februari ukiingia pale unaona tofauti kwenye ngozi, na tangu ahamie huko amepita kiangazi kizima bila kulazwa. Kingine kama hicho kinajengeka Machi, nyasi zikiwa bado zipo, mimi nitatafuta fundi. Malori anaosha kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne asubuhi na jioni tena, mchana hatoki. Mama anampimia maji kwa jagi, asubuhi limejaa na jioni liwe tupu, na usiku tunalowesha shuka.

Wewe huko omba daktari amwandikie dawa za miezi mitatu, maana huku zinakatika, na kitabu chake usikisahau. Mwambie daktari wazi kwamba anahamia sehemu ya joto, neno hilo lisikose. Na muongeleshe kijana mwenyewe, ana miaka 22, usimpange kama mzigo, muulize usingizi wake ukoje siku hizi.

Najua shemeji atasema unamkimbia ukimwacha miezi minne. Nipe namba yake nimpigie mimi, nimweleze yale ya parking. Nijibu ukishaongea na bosi wako.

Wako wa Elegu