Zabibu kavu huharibikia shambani, si juani

Mhariri,

Zabibu kavu ikitoka nyepesi, ngumu na isiyo na utamu, lawama hubebeshwa jua. Mara nyingi kosa lilikwisha kufanyika mapema, pengine wakati wa kupogoa.

Aina inayokaushwa sana ni Thompson Seedless, ambayo kwingine huitwa Sultana. Haina mbegu, na macho yake (vichipukizi) ya chini kabisa ya tawi hayazai vizuri. Anayebakiza macho mawili tu, kama ilivyo kawaida kwa mizabibu mingine, atavuna majani. Bakiza matawi marefu ya msimu uliopita, yenye macho 10 hadi 15, uyafunge kwenye waya.

Kuchuma ndiko kwenye mtihani. Rangi hudanganya, pima sukari kwa refraktomita, ukichanganya maji ya punje kutoka pembe zote za shamba. Katika Brix 22, yaani sukari ikiwa kama asilimia 22 ya uzito wa maji ya zabibu, kilo 4 hivi za zabibu mbichi hutoa kilo 1 kavu. Katika Brix 18 zinahitajika karibu kilo 5, na kinachobaki ni ngozi yenye makunyanzi tu. Lakini kila wiki unayosubiri utamu uongezeke unaikaribia mvua. Binafsi ningechuma kwenye 20 mawingu yakianza kujikusanya, kuliko kungoja 23 na kuanua ukungu.

Maji ya umwagiliaji yafungwe wiki kadhaa kabla, ili udongo kati ya mistari ukauke na kushikamana. Usawazishe, uupe mteremko kidogo kuelekea jua, kisha tandika karatasi za takriban sentimita 60 kwa 90. Vichala vipangwe tabaka moja. Vikipandana, vya chini huchacha. Baada ya siku 7 hadi 10, upande wa juu ukishasinyaa na kuwa wa kahawia, vigeuze. Jua likiwa kali, kazi yote huchukua wiki mbili hadi tatu.

Wenye haraka huchovya kwanza vichala kwenye maji yenye kaboneti ya potasiamu, kilo 2.5 hivi kwa lita 100, pamoja na mafuta maalumu ya kukaushia. Mchanganyiko huo hulegeza nta ya ngozi, maji yakatoka upesi, na zabibu hubaki na rangi ya dhahabu iliyofifia.

Mvua ikinyesha, usiguse kitu mpaka karatasi ikauke. Ukigeuza vichala vilivyolowa, mchanga huingia kwenye mikunjo ya ngozi, na hakuna kuosha kutakakoutoa wote.

Minya punje: isipotoa maji, viringisha karatasi pamoja na zabibu zake uziache siku chache, zilizokauka sana zigawane unyevu na zilizobaki nyuma. Ziingie kashani zikiwa na unyevu usiozidi asilimia 16. Zikizidi hapo huota ukungu. Zikishuka mno, unapoteza uzito ambao ungeuuza.

Mkulima wa zabibu